Kabla Uchome Doh kwa Simu Mpya: Android, iPhone na Hesabu Ambayo Muuzaji Hatakupigia

Kila mwaka ni stori ile ile. Septemba Apple wanatoa iPhone, mwanzo wa mwaka Samsung wanashusha Galaxy S, na hapo katikati Tecno na Infinix wanamwaga simu hadi majina yanakuchanganya. Wiki hiyo hiyo simu yako, ambayo jana ilikuwa fiti, inaanza kukaa mulika mwizi. Unaanza kupiga hesabu: niuze hii, niongeze thao kadhaa, Jumamosi niko Luthuli Avenue.

Ngoja kwanza. Kabla uulize simu gani ni kali, jiulize yako inaugua nini. Ju kuna magonjwa mawili ya simu yanayotibika kwa pesa kidogo, na kuna mmoja hautibiki kabisa. Wasee wengi wananunua simu mpya kutibu yale mawili, halafu simu wanayobeba nyumbani inakuwa tayari imeshikwa na ule wa tatu.

Yale mawili yanayotibika

Wa kwanza ni betri. Betri ya simu huchoka kadiri unavyoichaji, hata ungeitunza kama yai. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimetengenezwa kubaki na asilimia 80 ya nguvu yake baada ya mizunguko 500 ya chaji. Kuanzia iPhone 15 wanasema mizunguko 1,000. Mzunguko mmoja ni ukitumia jumla ya asilimia 100, hata kama ni 50 leo na 50 kesho. Sasa kama uko kwa boda na apu ya wateja inawaka kutoka asubuhi hadi usiku, ama wewe ni wa TikTok mchana kutwa, piga hesabu mwenyewe hiyo 500 inaisha lini.

Na betri ikichoka, shida si chaji kuisha tu. Simu inaweza kuwa nzito pia. Desemba 2017 Apple walikubali mbele ya dunia kwamba programu yao ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ati zisizime ghafla. Kelele iliyofuata ilikuwa noma. Walishusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29, na mwaka wa 2020 wakakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi huko Marekani. Yaani kuna watu waliotupa simu nzima kwa sababu ya kitu cha dola 29.

Kwa iPhone, ingia kwenye mipangilio sehemu ya betri, utaona asilimia ya afya yake. Ikiwa chini ya 80, tafuta fundi wa maana kabla utafute simu. Android nyingi hazionyeshi hiyo namba wazi, so soma tabia yake: inazima ikiwa bado na asilimia 20, ama ukichomeka chaja inaruka kutoka 30 hadi 60 kabla hujamaliza chai. Hiyo ni betri imeenda. Na kama mgongo wa simu umevimba, izime leo leo, usingoje mwisho wa mwezi.

Ugonjwa wa pili ni kujaa. Simu yenye nafasi imeisha huanza kukwama kila mahali, na mhalifu mara nyingi ni WhatsApp. Grupu ya chama, grupu ya harusi ya mtu hata hamjuani, grupu ya ploti, kila moja inakurushia video ile ile ya mhubiri. Ndani ya WhatsApp kuna sehemu ya hifadhi inayokupangia grupu kwa ukubwa na kukuonyesha video nzito zimelala wapi. Futa. Jua pia kwamba nakala ya WhatsApp inayoenda Google Drive siku hizi inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure, pamoja na barua pepe na picha zako. Zamani haikuwa hivyo.

Ukishafuta, zima simu, iwashe. Ikirudi fiti, umeokoa pesa ya rent.

Ugonjwa usiotibika

Huu wa tatu uko kwa mfumo endeshi, ile programu kubwa inayobeba simu yote. Duniani leo simu janja ni kama timu mbili tu: Android ya Google na iOS ya Apple. Tofauti ambayo watu hubishania kwa mathree ni kamera na sura. Tofauti yenye inakugusa mfukoni ni nani anakutumia masasisho, na kwa miaka mingapi.

Apple wanatengeneza simu na mfumo wenyewe. Wakitoa toleo jipya, iPhone zote zinazokubalika zinapata siku hiyo hiyo, ya Runda na ya Rongai. Android ni tofauti. Google anaitengeneza, halafu kila kampuni inaivalisha nguo yake: Samsung wanaiita One UI, Tecno wana HiOS, Infinix wana XOS, Xiaomi walikuwa na MIUI wakahamia HyperOS. Google hutoa viraka vya usalama kila mwezi, lakini kiraka hicho lazima kipitie kwa kampuni iliyotengeneza simu yako. Kampuni ikiamua simu yako imezeeka, kiraka kinaishia hapo. Utaendelea kupiga selfi kama kawaida na hutaambiwa kitu.

"Si inafanya kazi?" Inafanya, ndiyo. Lakini cheki nini kiko ndani yake. M-Pesa, Fuliza, apu ya benki, eCitizen, barua pepe yenye inafungua kila kitu kingine. Msee akiingia kwa simu ya Mkenya leo hatafuti picha zako za sherehe. Tundu ambalo limeshajulikana na kuzibwa kwa simu zingine, kwako liko wazi, na njia ya kuliziba haiji tena.

So unaponunua simu, kitu unacholipia hasa ni miaka iliyobaki ya masasisho. Mfano mzuri uko kwa Samsung wa bei ya kawaida. Galaxy A15 ilitoka Desemba 2023, A16 ikafuata mwisho wa 2024. Zile za 4G zote mbili zina chipu ya Helio G99. Zote zina kamera kuu ya megapikseli 50 na betri ya 5,000. A16 skrini imeongezwa kidogo, basi. Ukisoma karatasi ya dukani utasema huu ni ujinga, simu ni ile ile. Lakini A15 iliahidiwa matoleo 4 mapya ya Android na miaka 5 ya viraka vya usalama; A16 ikaahidiwa matoleo 6 na miaka 6. Hapo ndipo tofauti ya bei inajitetea, na sijawahi sikia muuzaji yeyote akiitaja.

Ukipanda juu, Pixel 8 ya Google iliyotoka Oktoba 2023 na Galaxy S24 ya Januari 2024 zote ziliahidiwa miaka 7. Ukishuka chini, Galaxy A05 ilipata ahadi ya matoleo 2 na miaka 4 ya viraka. Na ukishuka zaidi, kwa zile simu za bei ya kuonea huruma, mara nyingi hakuna ahadi yoyote imeandikwa mahali. Ahadi isiyoandikwa ihesabu kama sufuri.

Kujua yako iko wapi ni rahisi. Ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, utaona toleo la Android na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kama hiyo tarehe imepita mwaka na ukibonyeza kutafuta sasisho inakwambia uko sawa, haimaanishi uko sawa. Inamaanisha wameachana na wewe.

Android hufa polepole, iPhone hufa kwa tarehe

Kuna kitu kingine mashabiki wa pande zote hawakwambii. Hizi mifumo zinazeeka tofauti.

iPhone hutunzwa muda mrefu sana. iPhone 5s ni ya 2013, na Januari 2023 Apple walikuwa bado wanaitumia kiraka cha usalama. Hakuna Android ya mwaka huo inaweza sema hivyo. Lakini iPhone ikifika mwisho wa toleo, apu zinaanza kuihama haraka. Mei 2025 WhatsApp walisema wanataka iOS 15.1 kwenda juu, toleo la 2021. iPhone 5s, 6 na 6 Plus zikatoka mchezoni siku hiyo. Mwaka huo huo kwa Android, WhatsApp ilikuwa bado inakubali Android 5, ambayo ni ya 2014!

Kwa hivyo Android ya zamani inaweza kuendelea kukupa apu zako kwa miaka, huku ikiwa haina ulinzi. iPhone ya zamani inakulinda vizuri, halafu siku moja inakufungia mlango. Chagua ugonjwa wako. Mimi kwa maoni yangu naogopa zaidi ule usioonekana.

Sasa tuongee kuhusu Ex-UK

Najua wengi mmekuja hapa kwa hii. iPhone ya mtumba kutoka Uingereza, Marekani ama Dubai, imeng'arishwa, iko kwa kioo cha duka, na bei inakaa kama unaweza kuifikia ukikaza mkanda miezi miwili.

Miaka ya simu inahesabiwa kutoka siku ilipotoka kiwandani kwa mara ya kwanza, haihesabiwi kutoka siku uliyoinunua wewe. Septemba 2025 Apple walitoa iOS 26 (waliruka kutoka 18 moja kwa moja, usitafute 19). Inaanzia iPhone 11. XR, XS na XS Max, zote za 2018, zimebaki kwa iOS 18. Na iPhone 11 yenyewe ya 2019 sasa ndiyo mzee kuliko wote kwenye orodha, so unajua nani yuko karibu na mlango.

Fanya hivi: chukua bei, igawe kwa miaka iliyobaki. Tuseme, kwa mfano tu, kuna Android mpya ya 20,000 yenye miaka 5 mbele yake. Hiyo ni 4,000 kwa mwaka. Na kuna iPhone ya mtumba ya 30,000 ambayo unaona imebakisha kama miaka 2. Hiyo ni 15,000 kwa mwaka. Labda kwako hiyo tofauti iko sawa. iPhone inapiga video safi, na ukija kuiuza inashika bei kuliko Android nyingi, hiyo siwezi kukataa. Kama unatengeneza video za kukulipa, inaweza kujirudishia. Kama ni ya kushika kwa kioo cha lifti, ni sawa pia, pesa ni yako, bora ujue unalipia nini.

Ukifika dukani, usikubali kuharakishwa. Bonyeza *#06# na ulinganishe IMEI na ya kwa boksi na ya kwa risiti. Ingia kwenye sehemu ya kuhusu simu uangalie herufi ya kwanza ya namba ya modeli: M ni simu iliyouzwa ikiwa mpya, F ni iliyokarabatiwa na kuuzwa tena, N ni iliyotolewa kubadilisha mbovu. F si mbaya, mbaya ni kuuziwa F kwa bei ya M. Hapo hapo cheki kama simu imefungwa kwa mtandao wa nje. Halafu sisitiza ifutwe yote na kuwashwa upya mbele yako hadi ifike mwisho. Ikiitisha akaunti ya mtu usiyemjua, rudisha na uende. Hiyo ni simu ya mtu, na fundi wa "kufungua iCloud" wa ghorofa ya tatu atakula pesa yako mara ya pili.

Kuna mtego mwingine mpya. iPhone za Marekani kuanzia iPhone 14 hazina sehemu ya kuweka laini kabisa, ni eSIM pekee. Na iPhone 17 zilizouzwa Dubai na nchi zingine za Ghuba ni vivyo hivyo. Angalia ubavuni kabla ulipe. Kama hakuna kijitundu cha kutoa laini, hakikisha mtandao wako unakupa eSIM na uko tayari kuhamia huko.

Maboksi huongea sana

Upande wa Android mpya, uongo mdogo mdogo uko kwa boksi. Ukiona RAM ya "8GB" imeandikwa kubwa, tafuta maandishi madogo. Mara nyingi ni 4 ya ukweli na 4 ya kuazima kutoka kwa nafasi ya hifadhi. Ya kuazima ni polepole sana kuliko ya ukweli, na inakula ile nafasi ya picha zako. Hesabu ile ya ukweli peke yake. Kwa matumizi ya leo, chini ya 4 utateseka.

Megapikseli nazo ni stori za jaba. Kamera ya 108 kwa simu ya bei ya chini inaweza kushindwa na ya 12 yenye lenzi nzuri na programu nzuri. Piga picha moja dukani, ndani kwenye kagiza, uangalie uso wa mtu. Hiyo inatosha.

Na jina jipya halimaanishi simu mpya. Infinix Note 30 ya 2023 ilikuja na Helio G99. Note 40 ya 2024 ikaja na G99 Ultimate, chipu ya ukoo ule ule iliyoongezwa cheo. Kama una ya mwaka jana, ya mwaka huu hutaisikia mkononi. Ruka miaka mitatu ndio uone tofauti.

5G? Kama mtaa wako haijafika, unalipia barabara ambayo haijajengwa.

Ukiamua kuhama timu

Kutoka Android kwenda iPhone, laini yako ndiyo inabeba M-Pesa, so pesa haipotei. Menyu ya M-Pesa kwa iPhone imefichwa ndani ya mipangilio ya mtandao, lakini *334# inafanya kazi kote. Kinachouma Wakenya ni laini mbili. Tumezoea Safaricom ya M-Pesa na Airtel ya bando kwa simu moja. iPhone zetu za kawaida zina nafasi ya laini moja ya plastiki, ya pili lazima iwe eSIM. Memori kadi sahau. Apu za kuinstoli kutoka kwa rafiki pia sahau.

Chati za WhatsApp zinahama, lakini kuna utaratibu. Nakala ya Google Drive haisomeki kwa iPhone. Inabidi utumie apu ya Apple ya kuhamia iOS, na uifanye wakati iPhone ndiyo inawashwa mara ya kwanza. Ukishaanza kuitumia, utalazimika kuifuta yote ndio uanze tena. Wengi hugundua hii wakiwa wameshauza simu ya zamani.

Simu ya mkopo

Mwaka wa 2020 Safaricom na Google walipoleta Lipa Mdogo Mdogo, shilingi 20 kwa siku ilikuwa kitu kikubwa. Mtu aliyekuwa na kabambe aliingia WhatsApp, akaanza kuuza vitu. Tangu hapo kampuni za mikopo ya simu zimejaa hadi kwa veranda za Tom Mboya. Mimi siko hapa kukukataza. Kama simu ndiyo kazi, ichukue.

Lakini usiulize "kwa siku ni ngapi". Uliza jumla. Tuseme simu ya 15,000 kwa keshi inatolewa kwa malipo ya mwanzo ya 3,000 na bob 75 kila siku kwa mwaka. Siku 365 mara 75 ni 27,375. Ongeza ile 3,000, umelipa 30,375. Umenunua simu mbili, umebeba moja. Na ukikosa kulipa siku chache, simu inajifunga, na kama wewe unatafutia riziki kwa hiyo simu, imekufungia pia njia ya kupata pesa ya kuifungua. Weka hiyo kwa hesabu kabla uweke sahihi. Na linganisha muda wa deni na miaka ya masasisho: kulipa mwaka mzima kwa simu ambayo haina viraka vilivyoahidiwa ni kulipia maiti.

Kama umeshaamua na unauza ya zamani, usiishie kufuta picha. Toa kwanza akaunti yako ya Google ama ya Apple kwa hiyo simu, ndio mwenye kuinunua asikwame na wewe usipigiwe simu saa nne usiku. Toka kwa apu za benki na za mikopo. Hakikisha WhatsApp imeshafunguka kwa simu mpya na nakala imekamilika. Toa laini, toa memori kadi. Halafu futa yote kutoka ndani ya mipangilio, subiri hadi iwake na neno la kukukaribisha, ndio uikabidhi. Andikianeni IMEI na tarehe kwa karatasi, kila mtu abaki na yake. Hiyo simu ikipatikana siku moja mahali pabaya, karatasi ndiyo itakuongelea.